Maswali kwa Mwalimu: Kashima wako mbali, lakini saa mbili asubuhi nipo

Toleo lililopita, mwishoni kabisa mwa safu hii, niliandika mistari miwili: kwamba Kashima Antlers wametwaa ubingwa wa soka wa Japani baada ya kuukosa miaka tisa, na kwamba siku hiyo nilishindwa kumaliza chakula kwa furaha. Sikutegemea jibu. Barua na ujumbe zikamiminika kutoka Tunduma hadi Mafinga. Wapo walionipongeza, wapo walionisema, na mmoja amenikaripia kama mtoto wake wa kumzaa. Kwa hiyo leo safu nzima ni ya Kashima. Wenye maswali ya mbolea na karo naomba mnivumilie hadi toleo lijalo.

"Shikamoo Mwalimu. Ulinifundisha jiografia miaka mingi iliyopita, sasa ni dereva wa lori na makazi yangu ni Tunduma. Nimeshangaa. Mtu mzima wa Uyole, timu ya Japani umeikutia wapi? Simba na Yanga hazikutosha?"

Marahaba mwanangu, na pole na barabara.

Niliikuta Jumapili ya tarehe 18 Desemba 2016, saa saba na nusu mchana, kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira hapa Uyole. Nilitoka kanisani nikapitiliza, hata shati sikubadilisha. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mtangazaji hasikiki, tukawa tunatazama midomo ya picha tu.

Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Yokohama, Real Madrid na Kashima. Kibanda kizima kilikuwa cha Madrid. Mimi niliingia na kinyongo, maana wiki moja kabla hao Kashima walikuwa wamewatoa Mamelodi Sundowns, mabingwa wetu wa Afrika, kwa 2-0. Nilitaka wafungwe. Na nilitaka kumwona mwamuzi. Alikuwa Janny Sikazwe wa Zambia, na wewe unayelala Tunduma unajua kwetu huku Mzambia si mgeni, ukivuka geti umefika Nakonde. Jirani yetu ashike filimbi mbele ya Ronaldo nami nikose kumwona? Haiwezekani.

Benzema alifunga dakika ya 9. Watu wakalegea, karanga zikaanza kuzunguka. Dakika ya 44 kijana wa jezi namba 10, Gaku Shibasaki, akasawazisha kwa mguu wa kushoto akiwa ndani ya boksi. Sawa, watu wakasema, bahati. Dakika ya 52 mpira ukamkuta tena nje ya boksi, akahama nao, akamwacha beki huyu na yule, kisha kushoto tena, chini kabisa, kwenye kona ya goli. 2-1. Pembeni yangu alikaa fundi cherehani mmoja aliyevaa jezi ya Madrid. Alikuwa ameshika karanga tatu kati ya vidole, ameziinua hadi karibu na mdomo, na mkono ukabaki hapohapo. Sijui alikaa hivyo muda gani. Mvua ilikuwa imepungua, na kwa mara ya kwanza mchana ule tukasikia sauti ya mtangazaji.

Ronaldo akasawazisha kwa penalti dakika ya 60. Karibu na mwisho Ramos, mwenye kadi ya njano tayari, akacheza rafu. Sikazwe akapeleka mkono mfukoni, kisha mkono ukatoka bila kadi. Mpaka leo kijiweni kwetu jambo hilo linajadiliwa. Dakika za nyongeza Ronaldo akafunga mawili, ikaisha 4-2, kibanda kikalipuka.

Mimi nilitoka na jina moja tu: Kashima. Nimechora ramani ya Japani ubaoni sijui mara ngapi, wewe mwenyewe uliinakili kwenye daftari. Nukta ya Tokyo, nukta ya Osaka, nukta ya Nagoya. Pale Kashima sikuwahi kuweka nukta. Jioni ile nikaazima simu ya binti yangu nikatafuta, nikakuta ni mji wa pwani wenye watu wasiofika 70,000, kusini-mashariki mwa mkoa wa Ibaraki, kiwanda cha chuma upande mmoja na mashamba upande mwingine. Miji wanayoshirikiana nayo kuibeba klabu ni ya wakulima: Hokota wanalima matikiti matamu, Namegata wanalima viazi vitamu. Kipa aliyekuwa golini siku ile, Hitoshi Sogahata, ni mzaliwa wa hapohapo Kashima, na alidaka kwenye klabu hiyo moja tangu 1998 hadi anastaafu 2020. Mji wa wakulima wa viazi, kipa wao mwenyewe golini, na wameongoza mbele ya Real Madrid. Mwanangu, mimi ni mtu wa nyanda za juu. Ningewezaje kupita bila kusimama?

"Mwalimu, kwa heshima zote. Ushabiki ni kwenda uwanjani, kulipa kiingilio, kunyeshewa. Wewe unashabikia kwa simu watu ambao hawajui kama upo. Mbeya City wamerudi Ligi Kuu na wanahitaji watu Sokoine. Unawafundisha vijana nini? Ni mimi, mkazi wa Soweto, Mbeya mjini, mwenye umri wa kukuzaa."

Shikamoo mzee wangu. Karipio lako nimelipokea na nimelisoma mara mbili.

Sokoine nipo. Msimu wa 2013/14, Mbeya City walipopanda kwa mara ya kwanza na kumaliza wa tatu, juu ya Simba, nilikuwa nikitoka Uyole kwa daladala saa nne asubuhi kwa mechi ya saa kumi, kwa sababu ukichelewa unakosa pa kukanyaga. Nakumbuka zambarau lile lilivyojaa chini ya mlima Loleza. Waliposhuka niliumia, na waliporudi nimekata tiketi kama wewe. Koma Kumwanya ya Mbeya City haijanitoka.

Ila hapo uliposema ushabiki wa simu si ushabiki, naomba unisikilize. Nitakueleza siku mbili tu, kisha uamue mwenyewe.

Ya kwanza ni tarehe 2 Desemba 2017. Mechi ya mwisho ya msimu, Kashima wako ugenini kwa Jubilo Iwata. Wakishinda, kombe lao. Nilikuwa sina njia ya kuona picha, nilikuwa na ukurasa wa matokeo tu kwenye simu ndogo, unaugusa unazunguka, unaugusa unazunguka. 0-0. Dakika ya 60, 0-0. Dakika ya 80, 0-0. Na ukurasa huohuo, mstari wa chini, Kawasaki Frontale wanawafunga Omiya Ardija, moja, mbili, tatu, mpaka tano. Ikaisha hivyo. Pointi 72 kwa 72, Kawasaki wakatuzidi kwa tofauti ya mabao, na lilikuwa taji lao kubwa la kwanza katika historia. Kocha wao aliitwa Toru Oniki. Nililiandika jina hilo nyuma ya daftari langu la maandalio ya somo, kwa uchungu, maana mtu huyohuyo mwaka 1993 alianzia maisha yake ya soka la kulipwa Kashima. Mtoto wa nyumbani ametuchukulia kombe. Sikumwambia mtu. Nani angenielewa Uyole nzima?

Baada ya hapo nimekaa miaka. 2018 tulichukua ubingwa wa Asia kwa kuwafunga Persepolis wa Iran jumla ya 2-0, nikashukuru Mungu, lakini kombe la ligi halikurudi. Makocha wakaja, makocha wakaondoka. Shibasaki alikwenda Hispania akakaa miaka, akarudi 2023 akiwa mtu mzima. Mshambuliaji Yuma Suzuki alikwenda Ubelgiji akarudi. Kila wiki niliangalia matokeo. Wiki ya kushinda, wiki ya kufungwa, wiki niliyofiwa na dada yangu, hata hiyo niliangalia.

Siku ya pili ni tarehe 6 Desemba 2025. Jumamosi. Mechi ya mwisho tena, nyumbani, na Yokohama F. Marinos. Ilianza saa nane mchana ya kwao, ndiyo saa mbili asubuhi ya kwetu, na mimi nilikuwa shambani kwa sababu mvua ilikuwa imeshashika na mahindi hayasubiri mpira. Nilikaa juu ya mfuko wa mbolea, simu nimeiegemeza kwenye mpini wa jembe, kofia nimeifunika juu yake kuzuia manyunyu. Mshambuliaji wetu Léo Ceará akafunga. Kipindi cha pili akafunga tena. Marinos wakarudisha moja mwishoni, na nafasi ya kufanya kosa haikuwepo, kwa kuwa Kashiwa Reysol walikuwa pointi moja nyuma yetu na wao walikuwa uwanjani saa ileile. Ikaisha 2-1. Bingwa Kashima. Na kocha aliyekuwa amesimama pembeni ya uwanja, amevaa nembo yetu, ni Toru Oniki. Yule yule. Alichotuchukulia 2017 akiwa Kawasaki alikuja kukirudisha kwa mikono yake 2025.

Nilikuwa na daftari lile nyumbani. Nimelifungua, nimeandika tarehe mpya chini ya ile ya zamani.

Mzee wangu, umesema hawajui kama nipo. Ni kweli. Lakini mimi najua kama wao wapo, na kwa miaka tisa sijawaacha hata wiki moja. Kiingilio cha Sokoine ni pesa, na ninalipa. Hicho kingine nimekilipa kwa kitu kingine.

"Mwalimu, mimi ni mkulima wa mpunga Ubaruku, Mbarali. Novemba 2022 Ihefu walipowafunga Yanga 2-1 na kukata ile rekodi ya mechi 49 bila kufungwa, nilikuwepo uwanjani Highland Estate. Leo klabu imehamia Singida na ina jina lingine. Kijana wangu ananiambia nitafute timu ya nje kama wewe. Moyo unakataa. Naona ni kama kuoa kabla ya kuanua matanga."

Kaka yangu, barua yako niliikunja nikaiweka mfukoni, nikaisoma tena usiku. Sina haraka na wewe.

Nikusimulie klabu ambayo si yangu. Yokohama ilikuwa na timu mbili kubwa, Marinos na Flügels. Oktoba 1998 mashabiki wa Flügels waliamka na habari kwamba mmoja wa wafadhili ameishiwa, na timu yao itaunganishwa na Marinos, yaani mahasimu wao wa mji mmoja. Hakuna aliyewauliza. Ligi ilipomalizika ikabaki michuano ya Kombe la Mfalme Mkuu, ambayo kila mechi ni kutoa au kutolewa, kwa hiyo kila mechi ingeweza kuwa ya mwisho ya maisha ya klabu. Wakashinda. Wakashinda tena. Nusu fainali wakawatoa Kashima wangu kwa 1-0, na hiyo ni mechi pekee ya kufungwa kwa Kashima ambayo hainiumi. Tarehe 1 Januari 1999 wakacheza fainali na Shimizu S-Pulse, wakashinda 2-1, wakainua kombe, na hiyo ikawa mechi ya mwisho ya klabu. Fikiria wachezaji wale wakipanda kupokea kombe, huku wote wanajua kwamba kesho hakuna mazoezi.

Ile herufi F kwenye jina la Yokohama F. Marinos ndiyo kaburi lao. Lakini mashabiki wengi hawakwenda Marinos. Walichangishana, wakaanzisha klabu yao wenyewe, Yokohama FC, wakaanzia chini, na kwa msimu wa 2007 wakawa wamepanda hadi daraja la kwanza. Ndiyo maana sikwambii hata kidogo kwamba umechelewa kusahau. Wale walikataa kusahau, na mpaka leo timu yao inacheza.

Hapo unaona kwa nini Kashima walinishika hivi. Klabu ile zamani ilikuwa timu ya kiwanda, ya kampuni ya chuma ya Sumitomo, tena ya daraja la pili. Ligi ya kulipwa ilipokuwa inaandaliwa waliomba kuingia. Saburo Kawabuchi, aliyekuwa kiongozi wa ligi hiyo, aliwajibu kwamba kwa asilimia 99.9999 haiwezekani, labda wajenge uwanja wa soka wenye paa, wa watu 15,000. Mji mdogo vile! Alidhani amewafungia mlango. Wakaujenga. Wakati huo walikuwa wameshamleta Zico kutoka Brazili, tangu 1991, wakati timu bado ni ya kiwanda. Tarehe 16 Mei 1993, katika mechi yao ya kwanza ya ligi, Zico akiwa na miaka 40 alifunga mabao matatu, wakawapiga Nagoya Grampus Eight 5-0, na ndani ya Nagoya alikuwemo Gary Lineker. Tangu hapo Kashima hawajawahi kushuka daraja. Klabu kumi zilianza ligi ile. Kati ya zilizopo hadi leo, ambazo hazijaonja kushuka ni mbili tu, sisi na Marinos.

Na jina likawa la mji. Kule, ukiingia ligi ya kulipwa, klabu inabeba jina la mahali, la kampuni linabaki kifuani kwenye jezi. Kampuni inaweza kuuza hisa, na kweli wenye Kashima wamebadilika tangu wakati huo, lakini neno Kashima halijahama. Mimi nikilisoma jambo hilo huwaza Ubaruku, nawaza ule umati mliokuwa mnautoa kwenye mashamba ya mpunga kwenda kuwangoja Yanga. Watu wale hawajahama, wako hapohapo.

Kwa hiyo matanga yako kaa nayo kadiri moyo unavyotaka. Ukitaka kutazama Kashima na mimi, karibu, tazama kama mtu anayemtembelea jirani. Na kama hapo kwenye kata yenu ipo timu ya vijana inayocheza jioni bila jezi, nenda kasimame pembeni ya mstari. Niandikie tena, nataka kujua.

"Kamwene Mwalimu. Niko Mafinga. Mume wangu ameambukizwa na wewe. Jumapili ibada ni saa tatu, yeye saa mbili yuko na simu, tunafika kanisani nyimbo za kwanza zimepita. Juzi alikaa kiti cha nyuma kabisa na waya sikioni. Nimeona aibu mbele ya mama mchungaji."

Kamwene dada yangu. Hapo shemeji amekosea, na nitamwambia bila kuzunguka: waya sikioni wakati wa ibada, hapana. Mimi hilo sijawahi kulifanya hata siku ya fainali.

Tatizo ni saa, na saa inapangika. Japani wako mbele yetu saa sita. Mechi ya mchana, saa nane ya kwao, ni saa mbili asubuhi kwetu. Ndiyo inayogongana na ibada yenu. Lakini msimu wa joto, kama Agosti, kule jua ni kali mno, kwa hiyo wanacheza usiku. Saa moja usiku ya kwao ni saa saba mchana ya kwetu, ibada imekwisha na chakula kiko mezani. Na mechi nyingi ni za Jumamosi. Mwambie achukue ratiba ya mwezi, aiandike kwa mkono, aibandike nyuma ya mlango wa jiko uione. Zile za Jumapili asubuhi atatazama vipande vya mabao mchana, vinawekwa kwenye chaneli ya ligi ya YouTube, na bando vinakula kidogo kuliko mechi nzima. Kwangu imekuwa hivyo tangu 2017. Mama watoto ndiye anayenikumbusha siku hizi, hupita na sufuria akauliza, "Leo sio siku yao?"

Na kuna habari njema kwako. Kuanzia Agosti 2026 ligi yao inahamisha msimu: itaanza Agosti na kuisha mwaka unaofuata, ikiwa na mapumziko ya baridi kati ya Desemba na Februari. Krismasi na Mwaka Mpya utakuwa naye mzima. Kabla ya hapo, Februari hadi Juni 2026, wana mashindano mafupi ya mpito ambayo hakuna kupanda wala kushuka, na mechi ikiisha sare wanapiga penalti. Wanaopenda penalti wajiandae.

"Mwalimu, niko kidato cha pili Tukuyu. Antlers maana yake nini? Na yale majina, kama Naomi Ueda, unayatamkaje?"

Ni pembe za kulungu dume, zile zenye matawi. Jina lenyewe la Kashima linaandikwa kwa alama mbili, kulungu na kisiwa. Mjini pale kuna hekalu la kale sana, Kashima Jingu, na kulungu huhesabiwa kuwa wajumbe wake. Majina yasikutishe, mwanangu. Kijapani kinafunga silabi kwa irabu karibu kama Kiswahili. Soma Shi-ba-sa-ki, soma O-ni-ki, soma U-e-da, kama unavyosoma Ma-ka-mba-ko. Naomi Ueda umeandika vibaya kwenye barua yako, ni Naomichi. Ni beki wa kati, na utotoni alikuwa mpiganaji mzuri wa taekwondo kabla ya kushika soka. Ukimwona anaruka kuondoa mpira utaelewa.

"Mwalimu, mimi nauza supu Mwanjelwa. Hao watu uwanjani wanakula nini?"

Mama, utafurahi. Uwanja wa Kashima unasifika Japani nzima kwa supu ya utumbo. Wanaiita motsuni. Utumbo unachemshwa taratibu na figili na karoti mpaka unalainika kabisa, unauzwa kwenye bakuli dogo, na mashabiki wa timu pinzani wanapanga foleni pia. Upande wa bahari kuna upepo wa baridi, kama wetu wa Juni. Nimekunywa supu yako mara nyingi, ya saa moja asubuhi, ile yenye ndimu na pilipili mbuzi. Ukiwahi kuweka karoti, nitumie ujumbe siku hiyohiyo.

"Mwalimu, jezi yao nitaipata wapi? Nipo Makambako."

Kwa simu uwe mwangalifu. Mimi nilimlipa mtu aliyeweka picha za jezi mtandaoni, akaniambia wiki mbili, kisha namba yake haikupatikana tena. Jezi niliyonayo niliipata kwenye mitumba, belo lilikuwa limefunguliwa asubuhi ileile. Nilikuwa natafuta sweta la mjukuu. Nikaona rangi kwanza, nyekundu iliyoiva, karibu na damu ya mzee, imebanwa chini ya suruali za jinzi. Nikavuta mkono, ukaja. Kifuani imeandikwa LIXIL, jina walilolivaa siku ile ya Madrid. Ina doa dogo kwenye mkono wa kushoto ambalo halitoki kwa sabuni yoyote, na simsumbui tena mama watoto alitoe. Mwenye belo alitaka elfu nne, nikampa tano nikaondoka haraka. Kwa hiyo ukienda mnadani usitafute jina, tafuta rangi.

"Mwalimu, huwa unatazama wapi? Nami niko Uyole, tujue tupo wangapi."

Kibanda ni kilekile cha 2016, bati limebadilishwa. Mwenyewe amekubali kunifungulia mapema siku za Kashima, mradi tufike watano. Hadi sasa tuko wanne: mimi, mwanafunzi mmoja wa chuo, fundi pikipiki, na yule fundi cherehani wa karanga, ambaye Madrid hajaiacha lakini Kashima haikosi. Ukija tumetimia. Jumamosi, fika saa mbili kasorobo. Chai ya tangawizi naleta mimi kwenye chupa, kikombe njoo nacho.